Karatasi Arobaini na Mbili za Gale

Nimeirudia sura ya kwanza ya The Hunger Games, riwaya ya Suzanne Collins iliyotoka mwaka 2008. Mara ya kwanza niliisoma haraka haraka, nikikimbilia mwisho, na jina la yule binti wa miaka 12 liliposomwa jukwaani koo lilinikauka. Safari hii nimeisoma na kalamu mkononi, nikipiga hesabu pembeni mwa ukurasa. Nilipomaliza hesabu nikagundua kwamba ile mara ya kwanza nilisikitika mahali pasipo penyewe.

Kwa ambaye hajaisoma, habari yenyewe kwa kifupi ni hii. Nchi inaitwa Panem, imejengwa juu ya magofu ya Amerika ya Kaskazini. Ina mji mkuu wenye neema, Capitol, na wilaya 12 zinazoulisha mji huo huku zenyewe zikishinda njaa. Zamani wilaya ziliasi, zikashindwa. Kama adhabu, kila mwaka kila wilaya hutoa mvulana mmoja na msichana mmoja, wenye umri wa kati ya miaka 12 na 18. Jumla 24. Wanaingizwa uwanjani wauane mpaka abaki mmoja, na televisheni inaonyesha kila kitu. Wa kwenda wanapatikana kwa kura: tufe mbili kubwa za kioo, moja ya wavulana na nyingine ya wasichana, zimejaa vikaratasi vya majina. Mama mmoja mwenye nywele za rangi ya waridi anaingiza mkono, anachomoa.

Ukiitazama kwa mbali utasema: ni ukatili, lakini angalau ni ukatili wa bahati. Kila mtoto yumo. Mkono hauoni unamchukua nani.

Sasa chukua kalamu.

Mtoto akifika miaka 12 jina lake linaingia mara moja. Akifika 13 linaingia mara mbili, na kuendelea, hadi mwenye miaka 18 anakuwa na karatasi saba. Hilo ni la wote. Ila kuna mlango wa pembeni. Mtoto mwenye njaa anaruhusiwa kuongeza jina lake, na kwa kila karatasi anayoongeza anapewa tesera: nafaka na mafuta kidogo ya kumtosha mtu mmoja kwa mwaka. Anaweza kuchukua ya kwake na ya kila mtu wa nyumbani kwake. Na karatasi hazifutwi mwaka ukiisha, zinajumlishana.

Katniss, anayesimulia, ana miaka 16. Baba yake alikufa mgodini. Kila mwaka tangu alipofika 12 ameingiza karatasi nne: moja ya lazima, na tatu za chakula, yaani chake, cha mama na cha mdogo wake. Mara miaka mitano, karatasi 20. Rafiki yake Gale ana miaka 18 na analisha familia ya watu watano. Karatasi sita kila mwaka, mara miaka saba, ni 42. Binti wa meya, anayesoma darasa moja na Katniss, hajawahi kukosa chakula cha jioni. Huyo anaweza kuwa na tano tu.

Tano, ishirini, arobaini na mbili. Kijana wa miaka 18 asiyejua njaa ana karatasi saba. Gale anazo mara sita ya hizo. Mkono wa yule mama kweli hauoni. Lakini mwenye macho ni yule aliyejaza tufe, na aliyeijaza ni njaa.

Hapo ndipo riwaya ilipoacha kuwa hadithi ya kubuni kwangu, nikaanza kuona historia.

Tuanze na neno lenyewe. Tesera hakulibuni Collins. Katika Rumi ya kale tessera ilikuwa kijipande kidogo, mfano wa tiketi, na moja ya kazi zake ilikuwa kumpa raia haki ya kuchukua mgao wa nafaka. Mwaka 123 kabla ya Kristo, Gaius Gracchus alipitisha sheria ya kuwauzia raia wa Rumi nafaka kwa bei nafuu. Mwaka 58 kabla ya Kristo, Clodius akaifanya ya bure. Julius Caesar alipopunguza orodha ya wanaopokea, bado walibaki watu 150,000. Hata jina Panem ni Kilatini, na maana yake ni mkate. Watawala wa Rumi walijua kwamba mtu mwenye mkate mkononi na mchezo wa kutazama hasumbui serikali.

Lakini tazama Collins alivyoligeuza jambo hilo. Huko Rumi nafaka ilikuwa ya kumtuliza raia, kwa sababu watawala walimwogopa. Panem haimwogopi mtu wa wilaya, kwa hiyo haimpi kitu bure. Inamkopesha nafaka na kuweka roho ya mtoto rehani.

Sasa tuvuke bahari, twende Marekani yenyewe, kwa kuwa Panem ni Marekani iliyozeeka vibaya.

Mwaka 1863 Marekani ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Machi 3 mwaka huo Bunge la upande wa Kaskazini lilipitisha sheria ya kuandikisha wanaume jeshini kwa lazima, na wa kwenda wapatikane kwa kura. Majina yaliwekwa kwenye pipa linalozungushwa. Ila sheria hiyo nayo ilikuwa na mlango wa pembeni. Aliyechomolewa aliweza kulipa dola 300 akasamehewa, au kumtafuta mtu wa kwenda badala yake. Dola 300 wakati huo zilikaribia mshahara wa mwaka mzima wa kibarua. Grover Cleveland, ambaye baadaye alikuja kuwa rais, alimlipa mhamiaji kutoka Poland dola 150 akaenda badala yake. Hakuvunja sheria yoyote.

Matokeo ya jumla yanashangaza. Katika awamu zote za kura hiyo, walioitwa majina ni kama 776,000. Wapo ambao hawakutokea kabisa, wapo waliosamehewa kwa afya au kwa familia, wapo waliolipa, wapo waliotuma mtu. Waliochomolewa na kuvaa sare wao wenyewe walikuwa kama 46,000 tu. Pipa lilizungushwa mbele ya watu wote, lakini kilichoamua kilikuwa kinatokea nje ya pipa.

Jijini New York kura ilianza Jumamosi, Julai 11, 1863. Jumatatu yake mji ukawaka. Vibarua, wengi wao Wairishi maskini, walivamia ofisi ya uandikishaji na kuichoma moto. Mpaka hapo unaweza kusema hasira yao ilijua njia. Lakini baada ya saa chache iligeuka. Waliwageukia Weusi. Waliwanyonga barabarani. Walichoma kituo cha kulelea yatima Weusi kilichokuwa Fifth Avenue, na watoto zaidi ya 200 wakaponea chupuchupu kwa kutolewa mlango mwingine. Ghasia ziliendelea hadi Julai 16, zikazimwa na vikosi, vingine vikiwa vimetoka Gettysburg ambako mapigano makubwa yalikuwa yameisha siku chache kabla. Watu zaidi ya 100 walikufa.

Kwa nini Weusi? Walikuwa hawaguswi na ile kura, kwa sababu sheria iliwahesabu kuwa si raia. Kwa maskini Mzungu wa bandarini hiyo ilikuwa kama dharau: yeye afe kwa vita vya kuwaweka huru watu ambao kesho watagombania naye kazi ya kupakua mizigo. Aliyelipa dola 300 alikuwa amekaa nyumbani kwake, mbali. Mweusi alikuwa mtaa wa pili. Hasira humwangukia aliye karibu.

Nikarudi kwenye sura ya kwanza, nikaikuta habari hii hii. Asubuhi ya siku ya kura, Gale na Katniss wanapeleka matunda nyumbani kwa meya. Binti wa meya anafungua mlango, amevaa vizuri. Gale anamrushia maneno makali. Binti huyo hajamkosea kitu. Katniss analiona hilo, na Gale mwenyewe, siku nyingine wakiwa porini, huwa anasema kwamba tesera ni chombo cha Capitol cha kuwafanya wenye njaa wawachukie wenye sahani ya ubwabwa, ili wasije wakaungana. Gale analijua hilo kwa akili, ila mbele ya ule mlango anashindwa kujizuia. Mara ya kwanza niliruka ukurasa huo nikidhani ni mambo ya ujana tu. Sasa naona ndiyo New York ya Julai 1863, imeandikwa kwa sentensi chache.

Tusogee mbele miaka mia moja.

Vita vya Vietnam viliwaingiza jeshini kwa lazima Wamarekani wapatao milioni 2.2. Miaka ya mwanzo hakukuwa na bahati nasibu. Zilikuwepo bodi za mitaa, zaidi ya 4,000, na kila bodi iliamua kijana gani wa mtaani aende. Wajumbe walio wengi mno walikuwa Wazungu wa makamo, watu wenye heshima zao mjini. Aliyekuwa chuo kikuu aliahirishiwa. Aliyekuwa na daktari wa familia aliyejua kuandika barua nzuri naye aliweza kupona. Mtoto wa mchimba makaa hakuwa chuoni wala hakuwa na daktari.

Oktoba 1966 Waziri wa Ulinzi, Robert McNamara, alianzisha mpango ulioitwa Project 100,000. Jeshi lilishusha viwango vya mtihani wa akili ili liwachukue vijana ambao zamani lingewakataa. Serikali ilieleza kuwa ni msaada kwa maskini: watapata ujuzi, watapata nidhamu, watatoka kwenye ufukara. Hadi mpango unafungwa mwaka 1971 vijana zaidi ya 350,000 walikuwa wameingia kwa mlango huo, na takribani asilimia 40 yao walikuwa Weusi. Ndugu msomaji, hiyo si tesera? Tunakupa nafuu ya maisha, wewe tupe jina lako.

Muhammad Ali ni mfano wa viwango kubadilika. Mwaka 1964 alishindwa mtihani wa jeshi, akaambiwa hafai. Mwaka 1966 viwango viliposhushwa, akaambiwa sasa anafaa. Aprili 28, 1967, mjini Houston, jina lake liliitwa na akatakiwa apige hatua moja mbele. Hakupiga. Walimvua ubingwa, wakamhukumu miaka mitano jela na faini ya dola 10,000. Jela hakwenda kwa kuwa alikata rufaa, na Mahakama Kuu ya Marekani ilimfutia hatia Juni 28, 1971, ila miaka mitatu na nusu ya ujana wake ulingoni ilikuwa imeshapotea. Ndiye huyu huyu aliyetua Dar es Salaam Februari 1980, akitumwa na Rais Carter kuomba Tanzania isusie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye.

Baadaye ndipo ikaja bahati nasibu yenyewe, na niseme wazi kwamba ilikuja kama dawa. Watu walikuwa wamechoka na upendeleo wa bodi. Rais Nixon alitia saini sheria Novemba 1969, na usiku wa Desemba 1 kura ikapigwa Washington, televisheni ikirusha moja kwa moja. Ndani ya chombo kikubwa cha kioo kulikuwa na vidonge 366 vya plastiki vya rangi ya bluu, kila kimoja kikiwa na tarehe moja ya mwaka. Zilihusika tarehe za kuzaliwa za wanaume waliozaliwa kati ya mwaka 1944 na 1950. Mbunge wa New York, Alexander Pirnie, aliingiza mkono kwanza. Akachomoa Septemba 14. Waliozaliwa tarehe hiyo wakawa namba 1. Juni 8 ilitoka mwisho, namba 366. Mwishowe jeshi liliita hadi namba 195. Aliyekuwa juu ya hapo alipumua.

Soma tena maelezo hayo: chombo cha kioo, mkono mmoja, kamera, na nchi nzima imekaa sebuleni. Suzanne Collins alizaliwa mwaka 1962. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la anga la Marekani, akapelekwa Vietnam mwaka 1968, binti akiwa na miaka sita. Mwaka 2013 alitoa kitabu cha picha cha watoto, Year of the Jungle, kuhusu mwaka ule wa kumsubiri baba. Yeye mwenyewe ameeleza kuwa wazo la riwaya lilimjia usiku mmoja akibadilisha chaneli kati ya mashindano ya televisheni na picha za vita vya Iraki. Ameitaja pia hekaya ya Kigiriki ya Athens kupeleka vijana 14 waliwe na dude la Krete. Hayo yote ni kweli. Lakini mimi siwezi tena kuitazama ile tufe ya kioo nisikione chombo cha Desemba 1.

Na hapa kuna jambo lililonifanya nisilale mapema. Kura ya 1969 haikuwa na tesera. Kila tarehe ilikuwa na kidonge kimoja tu. Hakuna aliyedanganya. Hata hivyo haikuwa sawa.

Vidonge viliingizwa kwenye boksi mwezi kwa mwezi, Januari kwanza, Desemba mwisho. Boksi likatikiswa mara chache, kisha vikamiminwa kwenye chombo. Havikuchanganyika vya kutosha, na vya miezi ya mwisho vikachomolewa mapema kuliko inavyostahili. Wataalamu wa takwimu walipokaa na orodha waligundua kuwa wastani wa namba za Januari ulikuwa kama 201, na wa Desemba kama 121, wakati kila mwezi ulipaswa kukaribia 183. Kati ya siku 31 za Desemba ni tano tu zilizozidi namba 195. Kura iliyochanganywa vizuri ingeacha kama 14. Maana yake kuna vijana waliokwenda Vietnam kwa sababu mtu fulani hakutikisa boksi vya kutosha. Kura iliyofuata, Julai 1970, ilifanywa kwa mapipa mawili na orodha zilizopangwa kwa utaalamu. Ya 1969 haikurudiwa.

Na huku tarehe zikichomolewa, mwanafunzi wa chuo aliendelea kuahirishiwa. Msamaha huo kwa wanafunzi wapya uliondolewa mwaka 1971 tu, na uandikishaji wa lazima wenyewe ulikoma mwaka 1973.

Nilipomsimulia rafiki yangu haya, akanibana. Akasema: mbona aliyechomolewa kwenye hadithi si Gale mwenye 42, wala Katniss mwenye 20? Ni Prim, mdogo wake Katniss, aliyekuwa na karatasi moja tu. Dada yake alimkataza kuchukua tesera. Sasa hoja yako ya njaa iko wapi?

Swali ni zuri, na nililala nalo. Jibu langu ni kwamba mwandishi amefanya kusudi. Siku moja moja kura humwangukia mwenye karatasi moja, na siku hiyo ndiyo wenye tufe wanaipenda. Wanasema, mnaona? Hata huyu! Hakuna upendeleo! Mfano mmoja unatembezwa mji mzima, na hesabu ya miaka 74 inasahaulika. Katniss mwenyewe alidhani amemlinda mdogo wake kwa kuzibeba karatasi zote yeye. Huwezi kumlinda mtu ndani ya tufe. Unachoweza ni kupunguza karatasi zake, ukiongeza zako.

Kisha kuna kujitolea. Mwanzo wa sura ya pili Katniss anapaza sauti kwamba anajitolea kwenda badala ya Prim. Machoni pa Capitol ni ushujaa, na katika vitabu vyao ataandikwa "amejitolea." Hivyo hivyo, wakati wa Vietnam wengi waliojiandikisha kwa hiari walifanya hivyo kwa sababu walijua wataitwa tu, wakaona bora waende mapema wachague kikosi. Nao waliandikwa kwenye safu ya hiari. Tangu siku niliposoma habari hiyo, kila nikikuta neno "hiari" kwenye takwimu za jeshi lolote najiuliza mtu huyo alikuwa na njia ngapi nyingine.

Sisemi kwamba bahati nasibu ni dhambi. Kama lazima kitu kichungu kigawanywe, kura iliyochanganywa vizuri ina haki kuliko bodi ya wazee wanaojuana. Ninachosema ni kwamba tunatazama mkono mno na tunasahau chombo. Sisi waandishi wa habari ndio wa kwanza kwa kosa hili. Kamera inafuata mkono, kwa sababu mkono ndio wenye msisimko. Hakuna anayekwenda mwaka mzima kabla ya hapo kupiga picha ya mtoto aliyepanga foleni ya nafaka, akiandika jina lake kwa mara ya sita.

Kwa hiyo nikisikia tena kwamba jambo fulani limeamuliwa kwa bahati, nitauliza kwanza nani wamo ndani ya chombo, na nani wamelipa ili wasiwemo. Nitauliza kila mmoja ana karatasi ngapi, na kila karatasi ameilipwa nini. Halafu nitauliza nani alitikisa boksi.

Gale hakuitwa siku ile. Ilikuwa kura yake ya mwisho, na jina lake lilibaki ndani ya tufe mara 42. Watu watasema kijana yule ana bahati.